Mafuta Yanayochacha Ndani ya Mshipa: Kuku, Cherero na Chakula Chao Mkoani Simiyu

Ugonjwa wa ateri unaotokana na chakula, ambao wataalamu huuita aterosklerosisi, ni hali ya kuta za mishipa mikubwa inayotoa damu moyoni kunenepa polepole kwa upande wa ndani, zikijaa mafuta, seli zilizokufa, nyuzi za kovu na hatimaye chokaa, hadi njia ya damu inakuwa nyembamba na ukuta wenyewe unapoteza unyumbufu wake. Wengi huufahamu kama ugonjwa wa binadamu wa makamo wanaokula vizuri kuliko wanavyotembea, lakini ndege nao huupata, na katika historia ya sayansi kuku na njiwa ndio waliofundisha sehemu kubwa ya yale yanayojulikana leo kuhusu chanzo chake. Mkoa wa Simiyu, ulioundwa mwaka 2012 kwa kumega maeneo ya Shinyanga na Mwanza, unafaa kuwa mahali pa kuutazamia ugonjwa huu, kwa kuwa kuanzia Bariadi hadi Meatu ni nchi ya kuku wa kienyeji, ya pamba na alizeti, yenye dagaa wa Ziwa Victoria upande wa Busega, na upande wa mashariki, kuelekea Pori la Akiba la Maswa na Serengeti, ni makazi ya asili ya cherero, kasuku mdogo ambaye maelfu kwa maelfu ya wenzake waliishia katika vizimba vya Ulaya na Marekani.

Chanzo cha ugonjwa kinaeleweka vizuri zaidi kwa kuanzia na jambo linalojulikana katika kila nyumba, nalo ni mafuta kuchacha. Mafuta ya mbegu na ya samaki ni laini, hayagandi hata penye baridi, kwa sababu molekuli zake zina mafundo dhaifu ambayo oksijeni huweza kuyavamia. Molekuli moja ikishavamiwa huipora jirani yake elektroni, jirani naye humpora wa tatu, na mnyororo huendelea hivyo hadi dumu zima la mafuta linaponuka. Vipande vya kemikali vinavyofanya uporaji huo huitwa radikali huru. Jambo lililowachukua wanasayansi muda mrefu kulikubali ni kwamba kemia hiyohiyo hutokea ndani ya mwili ulio hai, katika nyuzijoto zinazoharakisha kuchacha kwa mafuta ya kupikia, na kwamba chembe zinazobeba mafuta na kolesteroli katika damu zikinaswa chini ya utando wa ndani wa ateri na kuchacha humo, seli za ulinzi huzimeza kana kwamba ni vijidudu, hushindwa kuzimeng'enya, huvimba zikawa kama povu na kufia palepale. Rundo la seli hizo ndilo uvimbe wa kwanza wa ugonjwa.

Kwa hesabu ya kawaida ndege wangepaswa kuwa wahanga wakubwa kuliko wanyama wengine wote. Joto la mwili wa kuku ni nyuzi 41 hivi za selsiasi, sukari katika damu ya ndege ni karibu maradufu ya ile ya wanyama wanyonyeshao wenye ukubwa uleule, moyo wa kuku hupiga mara 300 hivi kwa dakika, na shinikizo la damu la bata mzinga dume huweza kupita milimita 200 za zebaki, kiwango ambacho kwa binadamu kingehesabiwa kuwa dharura. Hata hivyo njiwa huweza kuishi miaka 30 ilhali panya mwenye uzito unaolingana naye haishi zaidi ya minne, na kasuku wa kijivu huvuka miaka 40. Sehemu ya jibu ilipatikana katika miaka ya 1990, watafiti walipolinganisha mitokondria za njiwa na za panya, yaani vile vinu vidogo ndani ya seli vinavyounguza chakula kuwa nishati, na kuona kwamba za njiwa huvujisha kiasi kidogo zaidi cha radikali kwa kila kipimo cha oksijeni inayotumika.

Sehemu nyingine ya jibu ni ulinzi wenyewe, ambao umepangwa kwa tabaka. Tabaka la kwanza ni vimeng'enya ambavyo mwili hujitengenezea: kimojawapo, kilichogunduliwa mwaka 1969 na Joe McCord na Irwin Fridovich wa Chuo Kikuu cha Duke, hushika oksijeni iliyoharibika na kuigeuza kuwa peroksidi, na vingine, hususan glutathioni peroksidesi, huigeuza peroksidi hiyo kuwa maji. Vimeng'enya hivi vina sharti moja ambalo huleta chakula ndani ya habari tangu mwanzo, kwani cha kwanza hakifanyi kazi bila shaba na zinki au manganizi, na cha pili hakifanyi kazi bila seleniamu, na madini hayo yote ndege huyapata kwa kudonoa. Tabaka la pili ni asidi ya yuriki, ule weupe unaoonekana kwenye kinyesi cha kuku, ambayo kwa ndege si taka tupu bali pia ni kinga inayozunguka katika damu na kuzima radikali; na pamoja nayo ipo vitamini C, ambayo kuku hujitengenezea katika figo, jambo ambalo binadamu hawezi. Tabaka la tatu halitengenezwi na mwili wa ndege hata kidogo: vitamini E, inayokaa ndani ya mafuta yenyewe na kuukata mnyororo wa uporaji, na karotenoidi, zile rangi za njano na nyekundu za mimea, ambazo sehemu yao katika ulinzi ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa zamani lakini si ya kupuuzwa.

Umuhimu wa tabaka hilo la tatu ulijulikana kwa vifo vya vifaranga. Mwaka 1929 huko Copenhagen, Henrik Dam alikuwa akiwalisha vifaranga chakula kisicho na mafuta ili achunguze kolesteroli, akaona wanavuja damu chini ya ngozi. Ufuatiliaji wake ulimfikisha kwenye vitamini K na baadaye kwenye Tuzo ya Nobel ya mwaka 1943. Mwaka 1931 Alwin Pappenheimer na Marianne Goettsch waliandika kuhusu vifaranga wa New York ambao, baada ya wiki chache za chakula cha maabara, walianza kupepesuka, kupinda shingo na kuanguka chali. Ndani ya ubongo wao mdogo kulikuwa na mishipa midogo iliyoziba na tishu zilizolainika, na ikaja kuthibitika kwamba walikosa vitamini E. Ugonjwa wa tatu, ambao maji ya rangi ya kijani-buluu hukusanyika chini ya ngozi ya kifua na mapaja kwa sababu kuta za mishipa midogo zimeshindwa kuzuia, ulielezwa na Dam mwenyewe na mwenzake mwishoni mwa miaka ya 1930, na mwaka 1957 ikagunduliwa kuwa chembe ndogo mno ya seleniamu inauzuia hata pasipo vitamini E. Sababu ya madini na vitamini kupokezana kazi hivyo haikueleweka hadi mwaka 1973, ilipoonekana kwamba seleniamu ni kiungo cha glutathioni peroksidesi. Shaba nayo ilipata ushahidi wake mwaka 1961, wakati watafiti wa Missouri walipoonyesha kwamba vifaranga walionyimwa shaba hufa ghafla kwa kupasuka aota, yaani ateri kuu, kwa kuwa nyuzi zake za kunyumbuka hazikuwa zimefungwa pamoja.

Magonjwa hayo si aterosklerosisi, na mwandishi makini hapaswi kuyachanganya, lakini yanaonyesha kwamba mahali pa kwanza ambapo ulinzi wa ndege hushindwa ni kwenye ukuta wa mshipa. Yanaonyesha pia kitu kinachowahusu moja kwa moja wafugaji wa kanda ya ziwa, kwa sababu njia ya haraka ya kumletea kifaranga ugonjwa wa kupinda shingo ni kumlisha mafuta ya samaki yaliyochacha. Dagaa ni chakula bora cha kuku kwa protini na chokaa yake, lakini mafuta yake ni laini kupita ya mbegu yoyote, na dagaa walioanikwa juu ya mchanga, wakanyeshewa, wakaanikwa tena na kukaa gunia zima katika ghala la bati, huwa wamekwisha kuchacha kabla hawajasagwa. Mafuta ya namna hiyo hayana vitamini E iliyobaki, na yakichanganywa na pumba huanza kuila vitamini E ya pumba. Tena yakiingia tumboni mwa ndege, hudai sehemu ya akiba iliyomo katika ini lake. Mfuko wa chakula unaweza kuwa na kila kitu kilichoandikwa kwenye karatasi ya mchanganyiko na bado ukawa unapunguza kinga ya kuku badala ya kuiongeza.

Kuku anayejitafutia katika boma la Kisukuma hukutana na tatizo hili mara chache. Wakati wa mvua anakula majani mabichi, kumbikumbi, panzi na mbegu changa za magugu, vyote vikiwa na vitamini E na karotenoidi kwa wingi. Wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, majani hukauka na anabaki na punje za mtama na uwele zilizodondoka, makombo ya ugali na michembe, na pumba. Mabadiliko hayo yanasomeka kwenye kiini cha yai, ambacho hung'aa njano iliyokolea mwezi wa Februari na kufifia kadiri jua linavyozidi, kwa kuwa rangi hiyo ni luteini na zeazanthini zilizotoka kwenye majani, na kuku hana njia ya kuzitengeneza. Kwa sababu mahindi ya Tanzania ni meupe karibu yote, kuku wa kufungiwa anayelishwa mahindi na pumba hutaga yai lenye kiini kama maziwa, na wanunuzi wa Bariadi wanaolikataa yai hilo sokoni hawakosei sana, ingawa rangi peke yake haithibitishi kuwapo kwa vitamini E. Mtetea huhamishia akiba yake katika kiini, kiinitete huirundika katika ini lake, na akiba hiyo huwa kubwa zaidi siku ya kuanguliwa, wakati mapafu yanapofunguka na oksijeni kuingia kwa nguvu katika mwili ambao ubongo wake umejaa mafuta laini. Kifaranga wa mtetea aliyekosa majani huanza maisha na mkopo.

Kwa upande wa mishipa mikubwa, ushahidi ulianza Chicago. Mwaka 1942 D. V. Dauber na Louis Katz wa Hospitali ya Michael Reese walionyesha kwamba kuku aliyeongezewa kolesteroli na mafuta katika chakula hupata uvimbe wa ateri katika muda wa wiki kadhaa, na walimchagua kuku kwa makusudi, kwa sababu majaribio ya kwanza, ya Nikolai Anitschkow wa Urusi mwaka 1913, yalifanywa kwa sungura, na wapinzani walisema kwamba mla majani hawezi kutoa ushahidi juu ya mla nyama. Kuku hula vyote. Mwaka 1959 Thomas Clarkson na wenzake wa North Carolina walileta shahidi mgumu zaidi, yaani njiwa wa koo ya White Carneau, ambao hupata ugonjwa huo wenyewe wakila nafaka tupu zisizo na kolesteroli, ilhali njiwa wa koo nyingine, Show Racer, wakiwa katika banda moja na chakula kimoja, hawaupati kwa kiwango hicho. Kisha mwaka 1978 Catherine Fabricant wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walionyesha kwamba kirusi cha ugonjwa wa Marek huwaletea kuku uvimbe wa ateri hata wakilishwa chakula cha kawaida. Urithi, maambukizi na lishe hukutana kwenye ukuta uleule wa mshipa, na yeyote anayedai kwamba moja kati ya hayo matatu linatosha kueleza yote hajawasikiliza njiwa wa Clarkson.

Katika vijiji vya Simiyu maarifa haya hayana matumizi makubwa kwa kuku wenyewe, kwa sababu rahisi kwamba aterosklerosisi inahitaji muda na kuku wa kijijini hapewi muda huo. Mdondo, mwewe, kicheche na wageni wa heshima humtangulia. Kuku wa nyama wa kisasa huchinjwa akiwa na wiki tano au sita. Wanaobaki hai kutosha hadi ateri zao ziugue ni ndege wanaofugwa kwa kupendwa, na hapo ndipo cherero anapoingia.

Cherero wa Fischer, mwenye mwili wa kijani, uso wa rangi ya machungwa, mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka jicho, alielezwa kisayansi na Anton Reichenow mwaka 1887 na kupewa jina la msafiri Mjerumani Gustav Fischer. Makazi yake ya asili ni Tanzania, kusini na kusini-mashariki mwa Ziwa Victoria, katika mbuga za migunga na mibuyu, ambako hula mbegu za majani na za migunga na kushuka kwa makundi kwenye mashamba ya mtama, kwa hiyo mkulima hamhesabu kuwa rafiki. Katika miaka ya 1980 alikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi zaidi duniani, na idadi yake porini ikapungua kiasi cha kuingizwa katika orodha ya viumbe walio karibu na hatari. Mwaka 2016 Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai wa aina zote, lakini kufikia wakati huo cherero wa vizimbani walikuwa wakizaliana wenyewe nje ya nchi kwa vizazi vingi.

Kizimbani, maisha ya kasuku hubadilika kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Ndege aliyeumbwa kuruka kilomita nyingi kila siku akitafuta mbegu ndogo na maji hukaa juu ya kijiti, na bakuli lake hujazwa alizeti, ambayo kiini chake ni mafuta kwa karibu nusu ya uzito, isiyo na vitamini A ya kutosha na yenye chokaa kidogo sana. Ni kweli kwamba alizeti mbichi ina vitamini E nyingi, na kwa hiyo haiwezi kulaumiwa kwa kukosa kinga. Tatizo ni kwamba mafuta yanayohitaji kulindwa ni mengi mno, hayaunguzwi na misuli ya mabawa, na mbegu iliyobanguliwa na kukaa dukani miezi kadhaa hupoteza ulinzi huku ikibaki na mafuta. Mwaka 2013 Hugues Beaufrère na wenzake walichapisha uchunguzi wa mizoga zaidi ya 7,000 ya ndege wa jamii ya kasuku, na ikaonekana kwamba ugonjwa huongezeka kwa umri, huwapata majike kuliko madume, na hukithiri kwa kasuku wa kijivu, kwa wale wa Amerika wanaoitwa amazona na kwa kokatieli wa Australia. Kasuku wa kijivu ni jirani wa Simiyu, kwani misitu yake ya Afrika ya Kati huishia kaskazini-magharibi mwa Tanzania. Udhaifu wa majike unaelezwa kwa sehemu na utagaji, kwa kuwa homoni za utagaji huliamuru ini kumwaga katika damu shehena kubwa ya mafuta yanayokwenda kwenye kiini cha yai, na jike wa kizimbani, mwenye chakula tele na mwanga wa taa mwaka mzima, hupokea amri hiyo mara nyingi kuliko jike wa porini anayesubiri mvua.

Kutokana na hayo imezuka biashara ya matone na unga wa vizuia-oksidishaji, yaani viini vya kuzima radikali, kwa ajili ya ndege wa kufugwa. Ushahidi hauipi biashara hiyo nguvu kubwa. Ndege aliyepungukiwa vitamini E au seleniamu hupona akiongezewa. Aliyetosheka haonyeshi kwamba nyongeza inamkinga dhidi ya uvimbe wa ateri, na hata kwa binadamu jaribio kubwa lililojulikana kama HOPE, lililotangazwa mwaka 2000 baada ya kuwafuatilia zaidi ya watu 9,000 kwa miaka minne na nusu hivi, lilikuta kwamba vidonge vya vitamini E havikupunguza mashambulio ya moyo. Majani mabichi, mbegu ndogo badala ya alizeti na nafasi ya kuruka yana hoja yenye uzito zaidi.

Kwa Simiyu, hata hivyo, swali zito zaidi la mafuta na kinga halipo kwenye kizimba bali kwenye kinu cha pamba. Mkoa huu unaongoza nchini kwa zao hilo, na baada ya mbegu kukamuliwa mafuta hubaki mashudu, yenye protini nyingi na bei ambayo mfugaji wa kuku hushawishika nayo. Ng'ombe mkubwa huyala bila madhara makubwa kwa kuwa tumbo lake la kwanza hufunga sumu iliyomo. Kuku hana tumbo hilo. Sumu yenyewe ni gosipoli, ambayo mpamba huitengeneza ili kuwafukuza wadudu, na cha ajabu ni kwamba katika chupa ya maabara gosipoli ni kizuia-oksidishaji hodari kinachoyalinda mafuta ya mbegu yasichache. Ndani ya kuku hufanya kinyume, kwani hufunga chuma, hudhoofisha ini na kupunguza ukuaji, na katika yai lililowekwa muda mrefu hukutana na chuma cha kiini na kukigeuza rangi kuwa kahawia yenye ukijani. Kwa sababu hiyohiyo watengenezaji wa vyakula huongeza salfeti ya chuma katika mchanganyiko wenye mashudu ya pamba, ili gosipoli ifungwe ndani ya utumbo kabla haijafyonzwa.

Dawa hiyo haigusi kitu cha pili kilichomo katika mashudu ambayo hayakukamuliwa vizuri, nacho ni asidi mbili za mafuta, stekuliki na malvaliki, ambazo huzuia kimeng'enya cha ini kinachogeuza mafuta magumu kuwa laini. Kuku akizila, mafuta ya mwili wake na ya kiini huganda kuliko kawaida, ute wa yai lililohifadhiwa hugeuka rangi ya waridi, na majaribio ya miaka ya 1960 kwa majogoo yalionyesha kolesteroli yao ikipanda. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha kilimo cha aina ya pamba iliyotengenezwa na Keerti Rathore wa Chuo Kikuu cha Texas A&M, ambayo mbegu yake haina gosipoli ya kudhuru ilhali majani yanabaki nayo ya kupambana na wadudu, na ikitokea siku moja mbegu ya namna hiyo ikapandwa Bariadi na Maswa, mfugaji ataondokewa na sumu ya kwanza; asidi hizo mbili zitakuwa bado zimo katika mafuta yanayobaki kwenye mashudu, na kitakachoamua kiasi cha kumfikia kuku ni ubora wa ukamuaji.